Mrejesho: Uzi wa pamba uliokuwa ukiachana

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliomba ushauri kuhusu uzi wa pamba uliokuwa ukiachana kila nilipofuma vitambaa vya makochi, kiasi kwamba sindano ya kroshia ilipenya katikati ya uzi badala ya kuubeba mzima. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Niliacha sindano ya milimita 2.5 yenye ncha kali, nikachukua ya milimita 3.5 yenye ncha butu, na nafuu nikaiona siku hiyohiyo. Kilichonisaidia zaidi, hata hivyo, ni kuutazama uzi wenyewe kwa karibu: una nyuzi nne zilizosokotwa pamoja, na kila nilipouzungusha kwenye sindano kwa mkono wa kulia nilikuwa nikiulegeza msokoto kidogo kidogo, mpaka baada ya mistari kadhaa nyuzi zote nne zikalala sambamba kama ambazo hazijawahi kusokotwa. Sasa kila nikimaliza mstari nausokota kwa vidole kuufuata msokoto wake, na donge la uzi nimeliweka ndani ya bakuli ili lizunguke lenyewe ninapovuta.

Kuhusu ncha za uzi kufumuka, ushauri wa kuziunguza kwa kiberiti unafaa kwa akriliki, yaani uzi wa plastiki, ambayo huyeyuka. Pamba huungua tu. Mimi naacha mkia wa sentimita 15 na kuuficha ndani ya vitanzi, kwenda na kurudi. Kitambaa cha kwanza nimekwisha kukifua mara mbili, na hakuna ncha iliyochomoza.