Naomba ushauri: nanunua nyumba Shella, hati huchukua muda gani kuhamishwa?

Upepo wa Kusi
Asalaam aleikum wadau. Nimepata nyumba ya vyumba vinne Shella, tumekubaliana milioni 6.5. Muuzaji ana haraka, na mimi nimechoka kuhamahama nyumba za kupanga. Naomba kujua mawili tu: ushuru wa stempu ni asilimia ngapi, na kuhamisha hati huchukua muda gani? Usingizi sipati.

Boriti
Lamu uwe macho, ndugu yangu. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na Shella nako wanachunga. Huongezi ghorofa wala hubomoi ukuta wa mawe bila idhini. Mwambie muuzaji akuoneshe kibali cha kila alichojenga juu, hasa bafu za ghorofani. Halafu panda mwenyewe ukague boriti za mikoko pale zinapoingia ukutani. Chomeka kisu, kikizama, maji yameingia siku nyingi na dari yote ni ya kufumua.

Upepo wa Kusi
Shukrani ami, ila ni Shella ya Malindi.

Kalamu Nyeusi
Wa aleikum salaam. Ndani ya manispaa ushuru wa stempu ni asilimia 4, mashambani 2. Kwa milioni 6.5 ni 260,000, lakini hesabu hufuata thamani atakayotoa mthamini wa serikali, kwa hiyo kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakusaidii. Huo unalipa wewe. Kodi ya faida, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Iandikwe hivyo kwenye mkataba asije akakugeuzia. Muda wa kawaida ni siku 90 tangu kutia saini, arbuni asilimia 10, na salio hutoka hati zote za kuhamishia zikiwa mikononi mwa wakili wako.
Sasa na wewe unijibu. Sachi, yaani upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, umefanya? Limetokea jina la nani?

Mama Swafiya
Na uulize kama unauziwa nyumba na ardhi yake, au nyumba peke yake. Malindi nyumba nyingi zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, mwenye nyumba analipa kodi ya kiwanja tu. Ukinunua hiyo hupati hati, unapata karatasi ya mauziano, na mwenye ardhi akiuza kwa mtu mwingine mashaka yanaanza.

Upepo wa Kusi
Ardhi imo. Sachi imefanywa, hati safi kabisa, haina rehani wala zuio.

Kalamu Nyeusi
Sikuuliza usafi, ndugu. Nimeuliza jina.

Upepo wa Kusi
Jina ni la mzee wao. Alifariki 2019. Lakini anayeuza ni mtoto wake wa kwanza, ana hati ya uwakala aliyopewa na mzee alipokuwa hai, na ndugu zake wametia saini makubaliano mbele ya mzee wa mtaa. Ni familia inayoheshimika. Mimi nilitaka kujua stempu tu.

Kalamu Nyeusi
Basi stempu iweke kando kwanza. Uwakala hufa na aliyeutoa. Tangu siku mzee alipozikwa, karatasi ile haina nguvu yoyote, hata kama ilisajiliwa. Na sheria ya urithi ya Kenya, Sura ya 160, hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Anayejiingiza kwenye mali hiyo bila idhini anatenda kosa: faini hadi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja. Saini za mbele ya mzee wa mtaa msajili wa ardhi hazitambui. Wafungue mirathi, wapate uthibitisho, hati iondolewe jina la marehemu, ndipo muongee bei. Warithi wakiwa wengi, kila mmoja atie saini ya kuhamisha.

Mama Swafiya
Mwanangu, warithi ni nani? Mjane yupo?

Upepo wa Kusi
Mjane yupo, anaishi humo humo. Wavulana wawili, wasichana watatu, wawili wameolewa Lamu. Wazazi wa mzee walishatangulia.

Mama Swafiya
Nikupigie hesabu ya Kadhi. Baada ya madeni na wasia, mjane ana thumuni moja, yaani sehemu moja ya nane. Thumuni saba zilizobaki ni za watoto, mvulana mara mbili ya msichana: kila mvulana thumuni mbili, kila msichana moja. Kwa hiyo huyo kaka yao ana robo ya nyumba, robo tu, na anakuuzia nzima. Mama aliyefiwa na mumewe anatolewa kwenye kitanda chake kwa pesa ambazo hata hajaziona. Hao walioolewa Lamu umewasikia kwa masikio yako?

Upepo wa Kusi
Saini zao zipo. Bi mkubwa, mimi sidhulumu mtu. Tena arbuni nimeshatoa, 650,000, kwenye akaunti ya kaka mtu. Na ameshapata kibali cha bodi ya ardhi cha kuuza, nimekiona, kina muhuri. Sasa nikirudi nyuma pesa zangu zinaenda wapi?

Pwani Huru
Wadau, huu uzi ni wa kutunga. Kwanza stempu tu, mara mzee kafa, mara arbuni imeshatoka, kila mkiuliza anaibua jipya. Na kibali cha bodi hapa kimetoka wapi? Bodi ya ardhi ni ya ardhi ya kilimo. Ploti ya Shella iko mjini, haipelekwi bodi. Mtunzi hajui taratibu.

Boriti
Hata mimi nilishangaa hapo.

Upepo wa Kusi
Wallahi situngi. Ninayo picha ya hicho kibali kwenye simu.

Kalamu Nyeusi
Pwani Huru, hoja yako ya bodi ni sahihi, ila yawezekana aliyetunga si huyu. Ndugu, fungua picha. Usiiweke hapa. Soma mstari wa mwombaji na tarehe, utuandikie.

Upepo wa Kusi
Mwombaji ni jina la mzee. Tarehe ni ya Machi mwaka huu. Na kuna saini yake.

Pwani Huru
Naondoa neno langu. Samahani ndugu.

Kalamu Nyeusi
Marehemu wa 2019 hawezi kuomba kibali mwaka huu. Usimpigie muuzaji simu usiku huu, na usiongeze hata shilingi. Kesho chapisha taarifa ya benki inayoonesha 650,000 na jina la aliyepokea, chapisha jumbe zenu zote, na hicho kibali. Tafuta wakili wako mwenyewe, si yule atakayependekezwa na kaka mtu, aandike barua ya kudai pesa yenye siku ya mwisho. Kibali kipelekwe kwa karani wa bodi athibitishe kama kimo kwenye daftari lao. Kisipokuwemo, nenda polisi ukaandikishe kughushi, uchukue namba ya OB, ile ya daftari la matukio. Umetia saini mkataba wowote?

Upepo wa Kusi
Ndiyo. Kurasa mbili. Aliuandika yeye.

Kalamu Nyeusi
Uende nao pia kwa wakili. Asome kwanza kipengele cha arbuni, aone kama umekubali isirudishwe.