Nataka kumuasili (kumfanya wangu kisheria) mtoto wa mke wangu, baba yake kafungua kesi ya malezi. Niende mahakama ipi?

Kijana wa Mingoyo (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Nipo Lindi, nina miaka 34. Nimeoa mwanamke aliyeachika akiwa na binti, sasa ana miaka 6. Mtoto ananiita baba, na Januari anaanza darasa la kwanza. Baba yake mzazi yupo Nachingwea, mkulima wa korosho. Muda wote alikuwa kimya, hela ya matumizi anatuma msimu wa minada tu. Aliposikia tunataka kumwandikisha shule kwa jina langu, akawaka. Mwezi uliopita mke wangu kaletewa wito: jamaa anaomba akae na mtoto, kesi iko mahakama ya watoto hapa Lindi, haijaanza kusikilizwa.

Kuna mzee anaandikia watu barua nje ya mahakama. Kaniambia nifungue chap maombi ya kuasili kwa hakimu huyohuyo, nikipata amri kesi ya mwenzangu inakufa yenyewe. Ni kweli?

Korosho Ghafi

Mahakama ya nini mkuu? Nenda RITA wanakosajili vizazi, toa cheti kipya, andika jina lako. Umemaliza.

Pwani ya Msimbati

@Korosho Ghafi usimpeleke mwenzio jela. Kumpa msajili taarifa za uongo ni kosa la jinai, na huyo baba tayari ana kesi mkononi, cheti cha zamani anacho.

Kijana, mzee wa barua kakupoteza. Ukisoma Sheria ya Mtoto ya 2009, kesi ya malezi inaenda mahakama ya watoto, anakaa hakimu mkazi. Maombi ya kuasili yanapelekwa Mahakama Kuu, na kwa Lindi hiyo ni Kanda ya Mtwara. Hakimu wako hata akikuonea huruma vipi, mamlaka ya kutoa amri hiyo hana. Halafu asiyeridhika na uamuzi wa malezi anakata rufaa Mahakama Kuu hiyohiyo, kwa hiyo usidhani Mtwara utakutana na watu wasiojua ya Lindi.

Kikwazo kikubwa ni ridhaa. Kuasili kunakata haki zote za mzazi wa damu, moja kwa moja, ndiyo maana sheria inataka akubali. Jaji anaweza kuiruka ridhaa yake kama kamtelekeza au kamtesa mtoto, hapatikani, hana uwezo wa kuitoa, au anaikatalia bila sababu ya msingi. Sasa mtu aliyefungua kesi kumtaka mtoto, utamwambiaje jaji kwamba hapatikani? Na hizo hela za msimu wa korosho, meseji za muamala anazo kwenye simu. Kidogo, ndiyo. Kutelekeza ni neno zito zaidi ya hapo.

Mdau wa Shangani

Naongezea: kifungu cha 8 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinakataza kesi mbili za jambo moja. Mtwara watamtupa nje mlangoni.

Pwani ya Msimbati

Hapana. Kifungu hicho kinataka jambo lenyewe liwe lilelile na wadaawa (pande za kesi) walewale. Lindi wanabishania nani akae na mtoto, Mtwara ingekuwa nani awe mzazi wake kisheria. Milango haijafungwa. Ila jaji atauliza kama kuna shauri jingine la mtoto huyu, na kiapo chako kikilificha, umejiharibia mwenyewe. Ukilisema, sitashangaa akitaka kwanza la Lindi liishe. Mimi ningesubiri.

Mama Ntene

Nyie wanaume mnagawana mtoto kama shamba la mikorosho, mama yake hatajwi. Baba, hiyo kesi ya Lindi wewe si mdaawa, ni mke wako. Wewe utaingia kama shahidi. Je, ameshajibu maombi? Mbona hujasema?

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Inamtaka hakimu pia aangalie madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Binti ana 6. Mkianza kukimbizana na mafaili Mtwara, tarehe zikapigwa kalenda, anatimiza 7 hivihivi. (Kwetu Wamwera zamani mngekuwa mnabishana na mjomba wake, wala si baba. Haya.)

Ustadhi wa Rahaleo

Kama ni Waislamu, lipo jambo jingine. Al-Ahzab aya ya 5 inasema waiteni kwa baba zao. Kumlea, kumsomesha, kumvisha, yote ni thawabu kubwa, lakini nasaba haibadilishwi. Sisemi mahakama itafuata hilo.

Kijana wa Mingoyo

Ahsanteni. Ustadhi, hilo hata mama mkwe kaligusa. Mama Ntene, kweli hajajibu, tulikuwa tunasubiri ushauri. Siku zijazo nikirudi kwenye kuasili, ninaomba peke yangu?

Pwani ya Msimbati

Pamoja na mke wako. Umri unakutosha, sheria inataka angalau miaka 25 na umzidi mtoto kwa 21. Ustawi wa jamii watakuja nyumbani kuchunguza na kuandika ripoti, na mtoto mwenyewe atasikilizwa kadiri anavyoelewa.

Kwa sasa mke ajibu maombi. Mkikosa hela ya wakili, ulizeni halmashauri mahali walipo wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na sheria ya 2017. Hawawezi kusimama mahakamani kumwakilisha, lakini kumwelekeza namna ya kujibu wanaweza. Shule mwandikisheni kwa jina lililo kwenye cheti.

Mama Ntene

Kesi inatajwa lini?

Kijana wa Mingoyo

Jumatano.

Mama Ntene

Basi Jumatatu asubuhi yeye awe ofisi ya ustawi wa jamii, na kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha kuzaliwa na hati ya talaka. Wewe baki nje na mtoto mpaka uitwe.