Datsun 240Z: breki za mbele zinakamata zenyewe gari likipata moto

Mtu wa Iyunga
Wakuu, habari za jioni. Nina Datsun 240Z ya 1972, kaniachia baba mdogo. Ndiyo aina iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, na marehemu alikuwa hachoki kunikumbusha kila alipoifuta vumbi. Sitaki iozee mikononi mwangu.

Asubuhi nikitoka nyumbani hapa Mbeya gari jepesi kabisa, ukiweka fri linaserereka lenyewe. Nikipita Mafiati na Mwanjelwa, pale bajaji zinapokulazimisha kukanyaga breki kila hatua, pedali inaanza kuwa fupi na ngumu. Nikifika Uyole gari zito kama linavuta tela. Jumapili nilikuwa naelekea Tukuyu. Isongole moshi ukatoka kwenye rimu zote mbili za mbele. Nikakaa nusu saa kwenye ukungu, gari likaachia, likaondoka kama halijawahi kuumwa.

Kalipa, zile zinazobana pedi kwenye disiki, zimefunguliwa mara mbili, pistoni safi, zinarudi kwa mkono. Pedi mpya, mafuta ya breki mapya, DOT 4. Masta breki, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, tulibadilisha mwezi uliopita, ya zamani ilikuwa inavuja; haya yameanza baada ya hapo. Sasa fundi ananiambia nitafute kalipa mpya, na bei yake imeninyima usingizi. Nianzie wapi?

Kona 57
Pole mkuu. Angalia mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta kwenye kalipa. Ikizeeka inavimba kwa ndani, nje unaiona nzima. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, ila hayana nguvu ya kurudi. Mimi ilinikuta kwenye mlima wa Matamba, gurudumu la kulia likawaka moto peke yake.

Mzee wa Mbalizi
Mwanangu, usinunue kalipa. Mpira mara nyingi unakamata gurudumu moja, wewe yanakamata yote mawili kwa pamoja, tena tatizo limeanza baada ya kubadilisha masta. Hapo ndipo pa kutazama.

Ndani ya masta kuna kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kikopo ukiachia pedali. Kile chuma cha kusukuma, kinachotoka kwenye buster (lile kopo linaloongezea mguu nguvu), kikiwa kirefu kuliko masta mpya inavyotaka, pistoni hairudi mpaka mwisho na kitundu kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanabana pedi. Pedi zikibanwa zinaongeza joto. Ndiyo maana asubuhi huoni kitu.

Lipeleke mpaka likamate, simama mahali tambarare, weka kigingi kwenye tairi. Legeza nati mbili zinazoshika masta kwenye buster, milimita chache tu, usiguse mabomba. Magurudumu yakiachia, chuma ni kirefu. Yasipoachia, fungua kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa: mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, rudi kwenye mipira kama alivyosema mwenzangu. Likigoma hata hapo, basi pistoni ndiyo imeganda. Vaa miwani, mafuta hayo yanachoma, na yanababua rangi ya gari.

Mtu wa Iyunga
Shikamoo mzee. Leo nimezunguka mpaka likakamata, nikasimama karibu na Uyole, nikalegeza zile nati. Mzee, gari lilishuka lenyewe hatua moja likagusa kigingi! Nimesimama pale barabarani nacheka peke yangu.

Nyumbani tumetoa masta, tukafupisha kile chuma kwenye skrubu yake ya mbele hadi ikabaki nafasi ndogo kama unene wa kadi. Nimeenda Uyole na kurudi mara mbili. Rimu za mbele nazishika kwa kiganja.

Mzee wa Mbalizi
Marahaba. Mshukuru Mungu hukuteremka nalo upande wa Tukuyu likiwa vile, mafuta yangechemka na pedali ingezama mpaka chini. Hayo DOT 4 yaliyopikwa yamwage, weka mengine. Angalia raba za kalipa, na fungua beringi za mbele kabla ya safari yoyote.

Mtu wa Iyunga
Nimefungua mzee. Kulia sawa. Kushoto grisi imekuwa majimaji, imeshuka mpaka kwenye disiki, na pedi za upande huo zimeloa. Gari liko juu ya stendi, kesho naingia Mwanjelwa kutafuta beringi, sili na pedi.