Dawa za presha zinaniishia na GP (kliniki ya daktari wa mtaa) hawapokei oda kwa simu, mnafanyaje hapa England?

MamaZayn_Leicester
Wadau habari zenu, naomba msaada. Mi nimemfuata mume wangu huku, natumia amlodipine na losartan za presha. Bongo nikiishiwa naenda tu duka la dawa naonesha boksi tupu, nalipa naondoka. Hapa famasi wamekataa, wanataka cheti, nikapiga kwa GP risepsheni wanasema hawachukui oda ya dawa kwa simu, na vidonge vimebaki vya wiki moja tu. Afu mtoto ana miaka minne, tangu jana analia sikio, asubuhi nimekaa kwenye simu mpaka naambiwa nafasi za leo zimeisha. Na hiyo £9.90 wanayotoza famasi ni kwa kila dawa au cheti kizima? Maana IHS, ile ada ya afya ya viza, tulishalipa.

Mkwawa77
Pole sana dada. Weka NHS App (app ya huduma ya afya ya serikali) kwenye simu leo leo, utapiga picha pasipoti na kujirekodi uso, wakishakukubali unaingia sehemu ya dawa unatiki unazotaka unatuma. Humo humo chagua famasi iliyo karibu na nyumbani ili GP akishapitisha cheti kiende huko moja kwa moja kwenye kompyuta, hubebi karatasi. Ila agiza mapema, wiki moja kabla ndo salama maana GP anachukua siku kadhaa na famasi nao wanahitaji muda wa kuandaa. Kama dawa zako huzioni kwenye orodha ujue bado hawajaziweka za kurudia, hapo andika ombi kwenye tovuti ya GP au nenda mwenyewe pale risepsheni.

Dada_wa_Kaunta
Mi niko famasi, hilo la mtoto usisubiri GP. Tangu tarehe 31 Januari 2024 hapa England kuna huduma ya Pharmacy First, mfamasia anaweza kutibu magonjwa saba bila cheti cha daktari: koo, sainasi, sikio la mtoto kuanzia mwaka 1 mpaka 17, kuumwa na mdudu pakaingia maambukizi, impetigo (vidonda vya ngozi vya kuambukiza), mkanda wa jeshi, na UTI kwa wanawake wa miaka 16 mpaka 64. Fika uombe kuonana na mfamasia mwenyewe, atakuingiza chumbani amwangalie sikioni na kile kifaa chenye taa (piga kwanza kuuliza kama wana mtu wa kumwangalia muda huo). Usishangae asipopewa antibayotiki, masikio mengi yanapoa yenyewe ndani ya siku tatu kwa dawa ya maumivu. Lakini ukiona uvimbe nyuma ya sikio piga 111, namba ya ushauri ya NHS, na shingo ikikakamaa au mtoto akilegea na kusinzia ovyo mkimbize hospitali kitengo cha dharura, A&E, hapo si pa famasi tena.

BintiTanga
Shoga, £9.90 ni kwa kila dawa, na IHS haikuepushi. Presha peke yake haimo kwenye msamaha, kisukari cha kutumia dawa kimo, mjamzito naye halipi mpaka miezi 12 baada ya kujifungua. Mtoto wako halipi kitu. Sasa wewe mwenye dawa mbili kila mwezi ni £237.60 kwa mwaka, wakati ukichukua PPC (kadi ya kulipia dawa zako zote za mwaka kwa mkupuo) ni £114.50 na unaweza kulipa kidogo kidogo kwa miezi 10. Inaniuma kuona watu wetu wanalipa moja moja miaka nenda rudi. Ukilazimika kulipa kabla hujaipata omba risiti ya FP57 pale pale kaunta, baadaye hawakupi, na bila hiyo hurudishiwi hela.

MamaZayn_Leicester
Mungu awabariki. Mtoto ameangaliwa, wametupa ya maumivu na akizidi turudi. Oda nimetuma. Je zikiisha kabla GP hajapitisha, mfano wikiendi?

Dada_wa_Kaunta
Ingia 111 mtandaoni au piga, waambie dawa za kila siku zimekuishia, watakuelekeza famasi ya kukupa za dharura. Nenda na boksi la zamani.