Mjadala: Je, Uingereza ilifanya sawa kununua kiwanda cha chipu za galiamu asenidi?

Mleta mada

Wanajamvi, naomba tujadili jambo lililopita kwenye habari bila kupewa uzito wake. Mwezi Septemba 2024 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilinunua kiwanda kilichoko Newton Aycliffe, katika kaunti ya Durham, kutoka kwa kampuni ya Kimarekani ya Coherent, kwa pauni milioni 20. Kiwanda hicho, ambacho sasa kinaitwa Octric Semiconductors UK, hutengeneza chipu za galiamu asenidi, yaani mchanganyiko wa galiamu na aseniki unaotumika mahali pa silikoni ya chipu za kawaida, na wizara ilieleza kwamba ndicho pekee nchini humo chenye ulinzi na utaalamu wa kuzitengeneza kwa matumizi ya kijeshi, zikiwemo ndege za kivita. Kiwanda cha aina hii kinapokaribia kufungwa, je, ni wajibu wa serikali kukinunua, au ni kutumbukiza fedha za walipakodi katika soko ambalo serikali haina nguvu juu yake?

Nianze na bidhaa yenyewe. Chipu za aina hii huitwa saketi jumuishi za maikrowevu: kila moja ni chipu ndogo ambayo transista, koili na kapasita zake zote zimejengwa juu ya kipande kimoja, na kazi yake ni kukuza, kuchanganya au kuelekeza mawimbi ya redio yenye masafa ya gigahezi. Elektroni husafiri ndani ya galiamu asenidi kwa wepesi unaokaribia mara sita ya ule wa silikoni, na kisahani chenyewe kinachobeba saketi karibu hakipitishi umeme, hivyo nguvu ya mawimbi haipotelei chini yake. Mwaka 1976 Ray Pengelly na James Turner, wahandisi wa kampuni ya Plessey huko Caswell, Uingereza, walitangaza kikuza mawimbi kilichojengwa kizima kwa namna hiyo. Kwa hiyo Waingereza hawanunui teknolojia ya kigeni. Wanajaribu kubakiwa na kitu ambacho wao wenyewe walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Soko la chipu hizi, hata hivyo, halikuzaliwa na wanunuzi wa kawaida. Lililelewa na majeshi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, liliendesha mpango ulioitwa MIMIC, uliotumia mamia ya mamilioni ya dola kuzifundisha kampuni za huko kuzalisha saketi hizi kwa wingi na kwa bei inayobebeka. Mpango ulipokwisha katikati ya miaka ya 1990, simu za mkononi zikawa zimeanza kuenea, na kampuni zilizokuwa zimejifunza kwa fedha za jeshi zikapata mnunuzi mkubwa kuliko jeshi lolote. Leo simu janja zaidi ya bilioni 1 huuzwa kila mwaka, na kwa kawaida chipu inayosukuma mawimbi kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara ni ya galiamu asenidi. Mahitaji ya jeshi, hata yakiwa nyeti kiasi gani, ni tone dogo pembeni ya hayo.

Hapo ndipo msimamo wangu unapoanzia. Serikali ilifanya sawa kununua, lakini kiwanda cha aina hii hakiwezi kuishi kwa oda za jeshi peke yake, na sijasikia ikielezwa wazi ni nani mwingine atakayekipa kazi. Ubora katika viwanda hivi hutokana na wingi. Kisahani kimoja hubeba chipu nyingi, nacho hupita katika hatua nyingi sana za kupakwa, kuchomwa na kumomonyolewa kwa kemikali, na fundi hugundua kwamba mashine moja imeanza kupotoka kwa sababu ameona visahani vingi vya jana na juzi vikipita palepale. Visahani vikipungua, mafundi hupoteza kipimo cha macho yao, idadi ya chipu nzima katika kila kisahani hushuka, na gharama ya kila chipu hupanda, hata kama majengo na mashine ni zilezile.

Historia ya kiwanda hiki inalithibitisha hilo kuliko hoja yoyote. Fujitsu ilikifungua mwaka 1991 kwa ajili ya chipu za kumbukumbu za kompyuta, ikakifunga mwaka 1998 bei zilipoporomoka. Filtronic ilikichukua mwaka 1999 na kukigeuza kuwa cha galiamu asenidi. Mwaka 2008 kikaenda kwa kampuni ya Kimarekani ya RFMD, iliyokitumia kwa chipu za simu. Mwaka 2013 kikauzwa tena, na mwaka 2017 pekee kilibadilisha mmiliki mara mbili, hadi kikafika kwa II-VI, kampuni iliyokuja kujiita Coherent. Mara ya mwisho kilichokibeba kilikuwa leza ndogo za simu, na mkataba na Apple ulipokwisha, kikabaki hakina mnunuzi mkubwa. Kila mmiliki aliishi kwa mteja mmoja au wawili. Sasa mteja ndiye mmiliki, na ni mteja mwenye oda ndogo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo, lakini naona hoja yako inaubomoa msimamo wako mwenyewe. Ukikiri kwamba wingi ndio unaoleta ubora, basi umekiri kwamba chipu hizi zinapaswa kutengenezwa pale penye wingi. Taiwan kuna kampuni ya WIN Semiconductors, iliyoanzishwa mwaka 1999, ambayo haiuzi chipu zenye jina lake, bali hutengeneza za makampuni mengine kwa oda, na kwa kukusanya oda za wengi chini ya paa moja imeweza kuzijaza mashine zake. Broadcom yenyewe, ambayo ina kiwanda chake, iliona busara kununua hisa za WIN mwaka 2017.

Tena makampuni makubwa yenyewe ya chipu hizi yanaungana ili yasizame. RFMD uliyoitaja iliungana na TriQuint mwaka 2015 na kuwa Qorvo, na mwezi Oktoba 2025 Qorvo na Skyworks zikatangaza mpango wa kuungana katika kampuni moja yenye thamani ya takriban dola bilioni 22. Ikiwa kampuni zenye wateja wa simu duniani kote zinaona soko limezibana kiasi hicho, wizara itafanya nini na kiwanda kimoja kwenye mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza? Ingekuwa nafuu kununua akiba ya chipu za miaka kumi na kuifungia ghalani.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi kwa muda katika upande wa redio za mawasiliano, na ningependa kuongeza kwamba swali la mmiliki ni la pili. La kwanza ni kama galiamu asenidi ina mustakabali. Imekuwa ikipoteza uwanja kidogo kidogo kwa miaka mingi. Rada za magari za gigahezi 77 zilianza na chipu zake, lakini mwishoni mwa miaka ya 2000 zikaanza kuhamia kwenye silikoni iliyochanganywa na jemaniamu, na baadaye kwenye silikoni ya kawaida. Swichi za antena ndani ya simu, ambazo zamani zilikuwa kazi yake, nazo zimechukuliwa na silikoni. Upande wa juu, palipo na nguvu kubwa, galiamu nitridi, yaani mchanganyiko wa galiamu na nitrojeni, imeshaingia: rada ya SPY-6 ya jeshi la majini la Marekani, iliyoanza kazi na meli ya USS Jack H. Lucas iliyopokelewa rasmi mwaka 2023, imejengwa juu ya nitridi. Vivyo hivyo kwa vituo vingi vya minara ya 5G.

Kwa hiyo katikati pamebaki nafasi nyembamba: vikuza nguvu vya simu na vipokezi vinavyohitaji kusikia mawimbi hafifu bila kelele. Pauni milioni 20 si fedha nyingi kwa kiwanda cha chipu, hilo nalikubali, lakini fedha ya kununua ni ndogo mbele ya fedha ya kukiendesha na kukibadilishia mashine.

Mchangiaji wa tatu

Naandika kutoka Lubumbashi, Kongo, na nashangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyegusa galiamu yenyewe. Hakuna mgodi wa galiamu. Ni mabaki ya kazi nyingine, hasa ya kusafisha boksiti ili kupata alumina, malighafi ya alumini, kwa sababu tani moja ya boksiti huwa na takriban gramu 50 tu za galiamu. Zaidi ya asilimia 98 ya galiamu ghafi ya dunia hutoka China, na sehemu kubwa ya boksiti inayoingizwa China hutoka Guinea, hapa hapa Afrika. Mwezi Agosti 2023 China ilianza kudai leseni kwa kila anayetaka kuisafirisha nje; tarehe 3 Desemba 2024 ikazuia kabisa isiuzwe Marekani, na katazo hilo likasimamishwa Novemba 2025 kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kiwanda chochote cha Durham au cha Taiwan kinaishi chini ya uamuzi huo.

Huku kwetu, zinki ya Kipushi, mwendo mfupi kutoka mjini, ina jemaniamu na galiamu ndani yake. Mgodi ulifungwa mwaka 1993 na kurejea kazini mwaka 2024. Lakini kinachotoka ni madini ya zinki yaliyochambuliwa tu, bado hayajayeyushwa, na kila chenye thamani nyingine husafiri ndani yake. Mwaka huohuo Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, kupitia kampuni yake tanzu ya STL, ilianza kupeleka jemaniamu inayotokana na mlima wa mabaki ya kuyeyusha madini ulioko Lubumbashi kwa kiwanda cha Umicore nchini Ubelgiji, na hilo linaonyesha kwamba mabaki yanaweza kugeuzwa mali. Kwa nini Uingereza inunue kiwanda cha mwisho wa mnyororo, isitie hata senti mwanzoni mwake? Na kwa nini sisi tusiuliziwe galiamu yetu kama tunavyouliziwa kobalti?

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Nianze na ndugu wa Lubumbashi, kwa kuwa hoja yake imenipa mwanga mpya. Ni kweli kwamba kudhibiti kiwanda bila kudhibiti malighafi ni nusu ya kazi. Wapo walioanza: Ugiriki, kampuni ya Metlen imepanga kutoa tani 50 za galiamu kwa mwaka kutokana na boksiti yake ifikapo 2028, na Australia Magharibi, Alcoa inaandaa mradi katika kiwanda chake cha alumina kwa ushirikiano wa serikali za Australia, Japani na Marekani. Ikumbukwe tu kwamba uzalishaji wote wa dunia ni mamia ya tani, wala si maelfu. Bei ikishuka, mradi mpya hufa haraka, kama ulivyosimama uzalishaji wa Stade, Ujerumani, mwaka 2016. Kipushi ingehitaji mnunuzi aliyefunga mkataba wa miaka mingi kabla mtambo wa kuitenga galiamu haujajengwa.

Kwa mchangiaji wa pili: nafasi ya katikati ni nyembamba, lakini imeonyesha ugumu wa ajabu. Mwaka 2013 Qualcomm ilitangaza vikuza nguvu vya simu vya silikoni, na wengi wakaandika kwamba galiamu asenidi imekwisha. Mwaka 2017 Qualcomm hiyohiyo ikatangaza vikuza nguvu vya galiamu asenidi. Kampuni yenye uwezo wa kununua silikoni ya bei nafuu kuliko mtu yeyote ilijaribu kuikwepa na ikarudi. Aidha, kiwanda kinachojua kushughulikia galiamu asenidi kina mafundi ambao ni mwendo mfupi kutoka kwenye nitridi, ilhali kiwanda kilichofungwa hakina fundi wa kumwelekeza popote.

Hoja ya ghala ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Chipu za ghalani ni za muundo wa mwaka zilipotengenezwa. Rada hubadilishwa, adui hubadilisha masafa, na mbunifu huhitaji kutuma mchoro mpya kiwandani na kupata majibu ndani ya miezi, tena mchoro ambao wizara haitaki uvuke bahari. Taiwan haiwezi kumpa hilo, si kwa sababu ya ufundi, bali kwa sababu ya mahali ilipo. Ufaransa na Ujerumani walilitambua hili mapema: mwaka 1996 kampuni mbili za ulinzi za nchi hizo ziliunda UMS, kampuni ya kutengeneza chipu za aina hii, ambayo leo inamilikiwa na Thales na Airbus, na imeendelea kuwepo kwa kuuza pia kwa wateja wa kiraia, wa mawasiliano ya angani na wa magari. Hiyo ndiyo njia ninayoitaka kwa Newton Aycliffe: wizara itangaze kiasi cha oda zake kwa miaka mitano mfululizo, kisha iruhusu muda wa mashine unaobaki uuzwe kwa watengenezaji wa setilaiti na kwa vyuo vikuu kama Glasgow na Cardiff, ambako wanafunzi hubuni saketi hizi na mara nyingi hukosa mahali pa kuzitengenezea kwa bei wanayoimudu.

Mchangiaji wa kwanza

Mfano wa UMS ni mzuri, lakini unaniunga mkono zaidi kuliko unavyonipinga, kwa sababu wamiliki wake ni kampuni zinazotumia chipu hizo kila siku katika bidhaa zao wenyewe, wala si wizara. Meneja wa Thales anayeona hasara anaweza kubadilisha bei au bidhaa juma lijalo. Mtumishi wa umma atasubiri bajeti. Niko tayari kuukubali mpango wako wa miaka mitano kwa sharti moja: iandikwe tangu leo ni nani atakayelipa tofauti katika mwaka ambao mteja wa setilaiti hatokei, na ni hasara ya kiasi gani itakayofanya kiwanda kiuzwe kwa kampuni ya ulinzi inayokihitaji. Je, wewe ungekiweka kiwango hicho wapi?