Mwanafunzi kiziwi karakanani: dada yake anatosha kuwa mkalimani?

Mwalimu wa Karakana
Habari za jioni wakuu. Nafundisha uchomeleaji vyuma kwenye chuo kimoja cha ufundi, mwaka wa tisa huu. Mwezi uliopita nimepokea kijana kiziwi wa miaka 19, mwepesi wa mikono kuliko darasa zima. Mkalimani hatuna. Uongozi ukasema dada yake aje akae naye, atapewa nauli.

Jumanne nilieleza kama dakika tatu: bati la milimita 1.5 huliungi kwa fimbo ya kuchomelea ya unene wa milimita 3.2, unachukua ya 2.5 na unashusha moto wa mashine, yaani umeme inaoutoa, la sivyo unatoboa. Dada akapiga alama nne, basi. Nikamuuliza, umemwambia nini? "Nimemwambia awe makini." Haikupita muda, bati lina tundu la kupitisha kidole gumba, na kijana ananitazama kana kwamba aliyekosea ni yeye. Limeniuma sana. Mkalimani anayefaa namjuaje, na uongozi niuelezeje?

Mkalimani Dodoma
Mwalimu, dada usimlaumu. Alama za nyumbani ni za kuitana kula na kutumana dukani, na hayo ya moto wa mashine hata yeye anayasikia kwako kwa mara ya kwanza.

Nina miaka 12 kwenye kazi hii. Mkalimani aliyesomea akikutana na neno asilolijua anakusimamisha na kukuuliza, habahatishi. Ataomba notisi kabla ya somo, tena atataka aishike hiyo fimbo mkononi. Hamjibii mwanafunzi, na siri za mwanafunzi hazitoi nje. Kipindi kikiwa kirefu wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30, maana akili ikichoka mikono inaendelea kucheza huku maana imeshapotea.

Uliza pia kijana alisoma wapi. Shule ya viziwi Tabora ni ya tangu 1963, Buguruni ikaja baadaye, na shule hizi zilikua kila moja na alama zake. Mkutanishe na mkalimani nusu saa kabla hamjakubaliana malipo, halafu kijana mwenyewe aseme kama wanaelewana.

Fundi Cherehani
Mimi ni kiziwi. Chuoni nilikaa mihula miwili bila mkalimani, nanakili ubao tu. Kushona nilijua kwa kutazama mikono ya mwalimu, ila kwa nini kitambaa hiki kinataka sindano namba hii na kile namba nyingine, nilikuja kujua nikiwa na kibanda changu, baada ya kuharibu nguo za watu.

Mwalimu, mkishusha vioo vya kuchomelea kijana hamwoni mkalimani kabisa. Eleza kwanza, kisha choma kimya, inua kioo, eleza tena. Mkalimani asimame karibu na wewe, asiupe mgongo mlango wenye jua, mikono yake inakuwa kivuli. Na uzungumze na kijana mwenyewe. Ile "mwambie hivi, muulize vile" inatuumiza. Halafu dada ni ndugu, kuna maswali nisingethubutu kuyauliza mbele ya ndugu yangu.

Mama Wawili
Kuhusu uongozi, andika barua. Taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama, na ya 24 inagusa mafunzo ya ufundi. Nakala mpe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. CHAVITA, chama cha viziwi, nao waombe wakupendekezee mtu. Gharama yake iandikwe kwenye bajeti ya mafunzo, pamoja na fimbo na bati. Usiiombe kama sadaka.

Mwalimu wa Karakana
Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Barua nimeipeleka asubuhi. Leo nimechoma kimya, nikainua kioo, nikamwonyesha kijana fimbo zote mbili na namba kwenye mashine. Ameunga bati bila tundu, akaniletea mwenyewe mezani. Nimebaki na swali: "moto wa mashine" una alama yake, au tutunge?

Fundi Cherehani
Usitunge wewe. Mtafutie fundi kiziwi anayechomelea, waongee. Mkalimani na wewe mtajifunza kwao.