Trimu ya eleveta imefika mwisho na pua bado inapanda. Nianzie wapi wakuu?

Mtu wa Pangani (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi mtu wa Tanga, nipo Texas mwaka wa 11 huu. Miaka minne iliyopita nilianza kujenga ndege yangu mwenyewe gereji: bati la alumini, viti viwili ubavu kwa ubavu, injini ya Rotax 912. Mama watoto amevumilia gari kulala nje muda wote huo. Ndege imekaguliwa, karatasi ninazo, na sasa nina saa 6 kati ya zile 40 za majaribio ambazo FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wanataka zirukwe bila abiria.

Shida ni hii. Nikishapaa, kwenye mwendo wa noti 70 (kama kilomita 130 kwa saa) mambo shwari. Nikiinyoosha iongeze mwendo, ikifika noti 85 pua inaanza kupanda yenyewe. Nabonyeza trimu kuishusha, vitaa vya kwenye paneli vinashuka kimoja kimoja mpaka cha mwisho, basi. Hapo bado nasukuma stiki, yaani usukani, mbele. Si nguvu nyingi, ni kama kuzuia mlango unaosukumwa na upepo, ila ukikaa hivyo dakika 40 bega linawaka moto.

Jirani hapa uwanjani ananiambia nipige ribeti kipande cha bati nyuma ya kiulimi cha trimu kiwe kirefu zaidi. Bati nimeshakata. Nipige?

Kobe Mwendokasi

Funga mpira wa baiskeli kutoka kwenye stiki mpaka kwenye paneli. Tatizo kwisha. Hela ya ushauri nitumie kwa M-Pesa.

Spana Kumi

Mkuu, hilo bati liweke chini kwanza. Mimi fundi wa ndege, Dar, na sijawahi kugusa ndege iliyojengwa gerejini, ila kiulimi ni kiulimi. Ukikirefusha unaongeza uzito nyuma ya bawaba, na eleveta yako ilisawazishwa bila huo uzito. Kwenye mwendo mkubwa inaweza kuanza kupigapiga kama bendera, na ikianza hiyo huna dakika ya kufikiri. Mkia unaweza kung'oka.

Halafu bado hujui kama kiulimi ni kidogo. Umekipima kinafika wapi? Usiniambie taa ya mwisho imewaka. Taa inaonyesha mota imefika wapi, haionyeshi kiulimi kimefika wapi.

Binti Kondoa

Samahani wakubwa, trimu ndiyo nini? Nimeingia humu nikidhani ni mambo ya nywele.

Mzee wa Wilson

Binti, karibu. Ndege ikiwa hewani, rubani anavuta au anasukuma stiki kuiweka pua anapotaka. Kuishikilia saa nzima kunachosha. Kwa hiyo nyuma ya eleveta, ile sehemu ya mkia inayopanda na kushuka, kunawekwa kibati kidogo chenye bawaba yake, ndicho hicho kiulimi cha trimu. Ukikipandisha, upepo unakigandamiza, eleveta inashuka, mkia unanyanyuka, pua inashuka. Kinakwenda kinyume na pua. Ukiona rubani kaachia usukani anamimina chai, hiyo kazi ya trimu.

Sasa nije kwa mtu wa Pangani. Nimerusha ndege ndogo za Caravan kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara miaka mingi kabla ya kustaafu. Kule swali la kwanza ndege ikishika pua juu halikuwa la trimu. Tulikuwa tunauliza: nyuma kuna mizigo gani? Ukiwa peke yako unabeba nini nyuma ya kiti?

Mtu wa Pangani

Shikamoo mzee. Nyuma ya kiti kuna begi la zana na galoni la maji. Na taulo. Hapa Texas mwezi wa nane bila maji utakauka.

Mzee wa Wilson

Marahaba. Umelipima hilo begi?

Mtu wa Pangani

Nimetoka kulipima sasa hivi kwa mizani ya bafuni. Kilo 11. Maji karibu kilo 4. Nimepiga hesabu upya: kitovu cha uzito bado kipo ndani ya mipaka, ila kimesogea kabisa ule upande wa nyuma. Nilipoipima ndege mara ya kwanza begi halikuwemo. Aibu yangu.

Mzee wa Wilson

Si aibu, ndiyo maana yanaitwa majaribio. Kitovu kikirudi nyuma, pua inakuwa nyepesi na stiki inalainika mkononi, unadhani umejenga ndege tamu kumbe inakuchekea. Toa begi, ruka tena, usiguse kingine chochote. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kilisaidia.

Spana Kumi

Naungana na mzee. Ukirudi, fanya hivi. Ibane eleveta kwa vipande vya mbao iwe usawa mmoja na sehemu ya mkia isiyocheza. Weka pimamaji ya dijitali juu ya eleveta, ipige sifuri, kisha ihamishie kwenye kiulimi. Endesha mota mpaka mwisho wa juu, soma. Mpaka mwisho wa chini, soma. Linganisha na karatasi za mtengenezaji wa kifurushi cha vipande vya ndege yako. Angalia pia flapu zote mbili, vile vibati vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kama zinafunga mpaka juu kabisa.

Na shika ncha ya kiulimi kwa vidole viwili ukitikise taratibu. Kikicheza, usiruke.

Kobe Mwendokasi

Kumbe mpira wa baiskeli hautakiwi. Nimeumia.

Orly Wikendi

Niko Kenya, mimi pia najenga, ila bado niko kwenye mabawa. Mleta mada, kama ni mwanachama wa EAA, chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani, wana washauri wa ufundi wanaokuja kukuangalizia ndege bure. Wewe uko Marekani, mwite mmoja. Jicho la pili muhimu.

Mtu wa Pangani

MREJESHO. Wakuu, Jumamosi niliruka bila begi. Nafuu ipo, sasa inaanza kusumbua kwenye noti 95 badala ya 85. Jioni nikabana eleveta nikapima. Kiulimi juu digrii 9, chini digrii 28. Karatasi zinataka juu zisipungue 20.

Nikakaa chini ya mkia nikawa natazama tu. Halafu nikakumbuka. Usiku niliofunga ile rodi inayounganisha mota na kiulimi nilikuwa nimechezea mota kwa betri kumwonyesha mwanangu inavyonguruma. Sikuirudisha katikati. Nikaweka kiulimi usawa wa eleveta, nikafunga rodi, nikaenda kulala. Miaka miwili imepita.

Spana Kumi

Hahaha! Basi rodi yako ni fupi. Kama pembe ya kiulimi, kile kipande rodi inapofungwa, iko upande wa chini, rodi ikirefuka inakisukuma juu. Fungua uma wa rodi, ile ncha yake yenye nyuzi za skrubu, mizunguko michache, upime tena. Usiufungue mpaka ubaki umeshikwa na nyuzi mbili tatu. Ikifika huko tengeneza rodi mpya. Na kabla hujaruka, mtu asimame nyuma: wewe bonyeza pua chini, yeye aseme kiulimi KIMEPANDA. Akisema kimeshuka, nyaya umegeuza.

Mtu wa Pangani

MREJESHO WA MWISHO. Mizunguko sita. Sasa juu 21, chini 16. Mama watoto alisimama nyuma ya mkia akapiga kelele "kimepanda!" mpaka jirani katoka nje. Leo asubuhi noti 100, mkono wa kulia juu ya paja, ndege inakwenda. Wakati wa kutua na flapu zote inabidi nivute stiki zaidi kidogo kuliko zamani, lakini hiyo ni dakika mbili tu. Bati nililokata nimelifanya kopo la kalamu.

Spana Kumi

Umetoa huku umeweka kule, ndivyo ilivyo. Nati ya kubana uma umeirudishia?

Mtu wa Pangani

Nimeirudishia, na nimepaka mstari wa rangi nyekundu juu yake. Ikilegea hata robo mzunguko nitauona umekatika.